Sufuria Iliyonuka Vitunguu

Shangazi yangu alikuwa mtunza sanduku wa kikoba cha akina mama wa mtaani kwao. Sanduku lenyewe lilikuwa la chuma, limepakwa rangi ya bluu, lina kufuli tatu, na funguo zake wanazo wanachama watatu wasiokaa nyumba moja. Yeye hakuwa na ufunguo hata mmoja. Kazi yake ilikuwa kulilaza sanduku chini ya kitanda na kulibeba siku ya mkutano. Siku moja likafunguliwa, fedha zikamwagwa kwenye bakuli, zikahesabiwa, zikapungua shilingi 12,000. Zikahesabiwa mara nne, hesabu ikawa ile ile. Hakuna aliyemnyooshea kidole, lakini jua halijazama alikuwa ameuza doti mbili za kanga ambazo hajazivaa bado, akalipa. Baada ya wiki tatu zile noti zikakutwa zimenata katikati ya kurasa za daftari la katibu. Wakamrudishia. Akazipokea na kusema, "Afadhali. Nilikuwa silali."

Nimemkumbuka shangazi kwa sababu ya kitabu cha katuni cha Kifaransa, Astérix et le Chaudron, yaani Asterix na sufuria. Maneno ni ya René Goscinny, michoro ni ya Albert Uderzo. Hadithi ilianza kutoka kwa mfululizo katika jarida la Pilote mwaka 1968, ikawa kitabu mwaka 1969, cha 13 katika visa vya Asterix. Ukimuuliza aliyekisoma utotoni atakwambia ni kichekesho cha watu wawili wanaozunguka nchi nzima kutafuta fedha zilizoibwa. Ni kweli kinachekesha, nami nimecheka mpaka machozi. Ila kila nikirudia kukisoma, kinachonibana kifuani ni jambo lile lile lililomnyima shangazi usingizi. Hiki ni kisa cha amana. Na kwa maoni yangu ndicho kisa chenye uchungu kuliko vyote ambavyo wawili hao waliwahi kuvitunga.

Tukio linawekwa Gallia, nchi ambayo leo sehemu yake kubwa ni Ufaransa, mwaka 50 kabla ya Kristo. Julius Caesar ameshaiteka yote isipokuwa kijiji kimoja cha pwani ya Armorica, upande wa kaskazini magharibi ya Gallia, ambacho kinajilinda kwa dawa ya nguvu inayopikwa na kuhani wao. Jirani yao kuna kijiji kingine, juu ya jabali linaloitazama bahari, na chifu wake anaitwa Moralelastix. Jina hilo lenyewe ni fumbo la Kifaransa: mtu ambaye maadili yake yanavutika kama mpira. Huyu bwana hapigani na Warumi, anafanya nao biashara. Lakini watoza ushuru wanakuja, na kuachia fedha hataki. Basi anaibeba mali ya kijiji chake ndani ya sufuria kubwa, anaipeleka kwa majirani wasiolipa kodi, anaomba wamtunzie. Ulinzi wanamkabidhi Asterix, shujaa wa kijiji chao, kwa kuwa hakuna aliyeaminika kama yeye. Sufuria hiyo kabla ya kutiwa fedha ilikuwa ya kupikia supu ya vitunguu, na sarafu zimeshika harufu. Msomaji anacheka, anapita. Hapo ndipo Goscinny ameificha sindano.

Usiku kuna karamu, Asterix yuko lindoni. Asubuhi sufuria tupu.

Kinachofuata kingeweza kuwa kesi ndefu, lakini wanakijiji hawana haja ya kesi. Sheria yao inasema aliyepoteza amana anafukuzwa kijijini mpaka afute aibu hiyo kwa kurudisha mali. Hawamwiti mwizi. Wanamhurumia, na bado wanamfukuza. Obelix, rafiki yake mkubwa wa mwili na mwepesi wa moyo, anatangaza kwamba na yeye amejifukuza mwenyewe, na wawili hao wanaondoka na sufuria yao tupu. Kwangu mimi hapo ndipo kitabu kinapoanza.

Angalia jinsi sheria hiyo ilivyo kali. Katika sheria ya Roma, ile ile inayopingwa na kijiji hiki, mtu aliyepokea mali ya mwenzake kuitunza bila malipo huwajibika akifanya hila, au uzembe uliopita kiasi hata ukafanana na hila. Kilichoibwa na mwizi hadaiwi. Kwenye fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, inayofahamika vizuri katika mwambao wetu, mambo yako karibu hivyo hivyo: aliyewekewa amana hailipi ikipotea, ila kama alivuka mpaka au alizembea. Asterix angesimama mbele ya hakimu wa Roma au kadhi wa Lamu angerudi nyumbani mikono ikining'inia, hana deni. Ni kijiji chake mwenyewe, watu wake, ndio wanaomdai zaidi ya sheria yoyote. Na yeye habishi. Shangazi naye hakubisha, na katiba ya kikoba chao haikuwa na kifungu kinachomtaka mtunza sanduku alipe.

Sidhani kwamba Goscinny alikuwa anafuata historia neno kwa neno, lakini adhabu aliyoichagua inakaa vizuri mahali pake. Caesar mwenyewe, katika kitabu cha sita cha kumbukumbu zake za vita vya Gallia, ameandika kwamba mtu asiyetii hukumu ya makuhani hupigwa marufuku kwenye sadaka, na kwamba kwa Wagallia hakuna adhabu nzito kuliko hiyo. Watu humkimbia, hawamsemeshi, hawampi haki yake hata akiidai. Katika kitabu hicho hicho anaeleza jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza: Wagallia wakishinda vita walirundika nyara mahali patakatifu, peupe, kila mtu azione, na ilikuwa nadra mtu kuthubutu kuchukua kitu pale au kuficha nyumbani alichokiteka. Aliyethubutu aliuawa kwa mateso. Mali imelundikwa uwanjani bila kufuli hata moja, na inabaki. Nchi yenye desturi ya namna hiyo ina haki ya kumfukuza mlinzi aliyepoteza sufuria.

Sasa fedha itapatikana wapi? Hapa kitabu kinachangamka. Asterix ana nguvu za kubomoa kambi ya jeshi, Obelix alitumbukia kwenye dawa akiwa mtoto na nguvu zake hazina mwisho, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayejua shilingi inavyopatikana. Kijijini kwao watu hubadilishana samaki, mawe na nguruwe mwitu. Wanaanza kwa kuwavamia Warumi wakidhani ndio wezi. Warumi wanapigwa na hawajui wanachoulizwa. Wanakwenda sokoni kuuza nguruwe, na Obelix anawauza kwa bei ya kutupa, kwa sababu kwake nguruwe ni kitu cha kukimbiza msituni kabla ya chakula, hana thamani ya kupigiwa hesabu. Mtu yeyote aliyewahi kumpeleka sokoni mkulima mwenye gunia la mahindi na kumwona akizungukwa na walanguzi atautambua ukurasa ule. Wanapigana ulingoni. Wanabeti kwenye mashindano ya magari ya farasi, na kama kawaida ya mikeka, unachanika.

Kuna na jumba la maonyesho. Wanapata kazi kwenye kikundi cha wasanii wa aina mpya, ambapo mwigizaji anatakiwa apande jukwaani na kusema lolote linalomjia. Zamu ya Obelix inafika. Anasimama mbele ya watu, anatokwa jasho, hana neno. Halafu linamjia lile analolisema kila siku, kwamba Warumi hawa ni vichaa. Mkubwa wa Kirumi yumo ukumbini, na kikundi kizima kinakamatwa. Ukumbuke hadithi ilichapishwa mwaka 1968, mwaka ambao Mei yake iliisimamisha Ufaransa kwa migomo ya wanafunzi na wafanyakazi, na sanaa ya jukwaani ilikuwa imejaa majaribio ya namna hiyo. Goscinny mwenyewe Mei ile aliitwa na wachoraji wa jarida lake kwenye kikao cha mkahawani, wakamweka kitimoto, na inajulikana kwamba jambo hilo lilimuumiza asilisahau. Sitaki kusema kwamba kisa cha mtu anayehukumiwa na watu wake mwenyewe kilitokana na kikao kile. Nasema tu kwamba nikiusoma ukurasa wa kufukuzwa, nasikia sauti ya mtu anayejua kulivyo.

Tufike benki, maana hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Jaribio moja baada ya jingine limeshindikana. Asterix, yule yule aliyechaguliwa kwa uaminifu wake, anaamua kuiba benki. Hakuna anayemsukuma. Obelix hamkatazi. Katika visa vyote vya Asterix sikumbuki mahali pengine ambapo shujaa huyu anafika chini kiasi hiki. Na anafikishwa hapo na heshima yake. Angekuwa mtu asiyejali jina lake asingehitaji benki ya mtu. Angeshajenga kibanda msituni na kusahau sufuria. Deni la amana ndilo linalomla. Tunawajua watu wa namna hiyo. Mhazini wa msiba aliyetumia michango kumtibu mtoto kisha akakopa kwa riba kuziba pengo, akakopa kwingine kuziba la pili, mpaka siku anapokimbia mji watu wanasema alikuwa mwizi tangu zamani. Alianza na aibu, na kila alichofanya baadaye alikifanya ili aibu isionekane. Goscinny anampeleka Asterix mpaka mlangoni pa jambo hilo, halafu anamwokoa: benki haina kitu, kodi imeshakomba kila sarafu. Nimeona watu wakiuita ukurasa huo mzaha mwepesi. Mimi naona mwandishi amemhurumia mtu wake.

Na kodi hiyo haikuwa ya kubuni. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, anasema Caesar aliibebesha Gallia ushuru wa sesterti, sarafu ya Kirumi, milioni 40 kwa mwaka. Ili uone uzito wake: askari wa jeshi la Roma, baada ya Caesar kuongeza mishahara, alilipwa dinari 225 kwa mwaka, na dinari moja ilikuwa sesterti 4, yaani sesterti 900. Gawanya. Ushuru wa Gallia peke yake ungelipa mishahara ya askari zaidi ya 44,000 kwa mwaka mzima, na hiyo ni nchi iliyotoka kuteketezwa kwa miaka minane ya vita. Suetonius huyo huyo anasema Caesar alipora mahekalu ya Gallia, yale maeneo matakatifu yenye mali isiyoguswa, akawa na dhahabu nyingi hata akaiuza Italia na mikoani kwa sesterti 3,000 kwa ratili. Tunaposoma kisa cha nani kaiba sufuria, inafaa kukumbuka ukubwa wa wizi uliokuwa unaendelea nje ya sufuria.

Uderzo alimchora mtoza ushuru kwa sura ya Valéry Giscard d'Estaing, aliyekuwa waziri wa fedha wa Ufaransa kuanzia 1962 hadi 1966 na akaja kuwa rais mwaka 1974. Wafaransa wa wakati ule walimtambua kwa kumtupia jicho tu. Huku kwetu picha za aina hiyo tunazijua. Mchora katuni wa gazeti akikoleza paji la uso au mashavu, mtaa mzima unajua ni mheshimiwa gani.

Mtoza ushuru huyo ndiye anayekutana na Asterix na Obelix njiani, wakiwa wamekata tamaa, wanaipeleka sufuria tupu kwa mwenyewe wakakiri kushindwa. Ana msafara, ana askari, ana fedha. Wanamnyang'anya. Sufuria imejaa, deni linalipika, mtu angetegemea kicheko na safari ya nyumbani. Asterix anasimama. Amesikia harufu ya vitunguu.

Ukurasa huo naupenda kuliko yote. Kisa kizima kimetuzungusha sokoni, ulingoni, jukwaani na benki, kila mahali macho yakitafuta mwizi, na jibu linaletwa na pua. Fedha za mtoza ushuru ni zile zile za Moralelastix. Maana yake yeye mwenyewe alizichukua usiku ule, akalipia kodi yake, na akawaachia majirani deni la kumjazia sufuria kwa mara ya pili. Kijiji chake kingebaki na mali yote, na kodi ingekuwa imelipwa na jasho la Asterix.

Kuna kauli ya kale ya Kirumi kwamba fedha haina harufu. Inahusishwa na kaisari Vespasian, aliyetawala mwaka 69 hadi 79 baada ya Kristo. Alitoza kodi kwenye mikojo iliyokusanywa vyooni kwa matumizi ya mafundi, na mwanawe Titus alipolalamika, baba alimsogezea sarafu puani amuulize kama inanuka. Haikunuka. Goscinny anaigeuza kauli hiyo kichwa chini. Kwake fedha inanuka, na harufu yake inajua ilikotoka.

Lakini msomaji wa Kiswahili ana ngano nyingine kichwani, na sioni namna ya kuusoma ukurasa huu bila kuikumbuka. Maskini alikaa karibu na jiko la tajiri, akala mkavu wake kwa harufu ya nyama ya mbuzi. Tajiri akamshtaki kwamba amemwibia harufu, hukumu ikatoka maskini alipe, naye hana. Akaenda kwa Abunuwasi. Abunuwasi akachukua fedha, akazigonga mbele ya tajiri zikalia, akamwambia chukua mlio, huo ndio malipo ya harufu. Tumeisimulia ngano hii vizazi na vizazi, na watoto wanacheka mahali pale pale. Mbili hizi ukizilaza pamoja zinafundishana. Kwa Abunuwasi harufu ni kitu kisicho na mwenyewe, ndiyo maana inalipwa kwa kitu kisichoshikika. Kwa Asterix harufu ni ushahidi wenye nguvu kuliko shahidi wa kuapa. Katika zote mbili, mwenye mali amejaribu kumbebesha mtu mnyonge deni ambalo halipo, na harufu ya chakula ndiyo inayomponza.

Kuna mtu atauliza, na kumnyang'anya mtoza ushuru je, si wizi? Nimelifikiria swali hilo kwa muda. Jibu langu ni kwamba ulikuwa wizi mpaka dakika ile ya vitunguu, na Asterix alijua hivyo, ndiyo sababu sura yake haina furaha ya ushindi. Harufu ndiyo iliyomrudisha upande wa wenye haki, kwa kuwa alichokishika kiligeuka kuwa amana yenyewe, sarafu kwa sarafu. Angeweza kuzirudisha kimyakimya na kuokoa jina. Anachagua kupanda jabali na kumwambia Moralelastix mbele ya watu wake alichokifanya.

Kisiwani Jersey, kati ya Uingereza na Ufaransa, mwaka 2012 lilichimbuliwa donge kubwa la sarafu za Kiselti, karibu 70,000. Wataalamu wengi wanazihusisha na Wakoriosoliti, watu wa pwani ya Armorica hiyo hiyo, na wanadhani zilifukiwa wakati majeshi ya Caesar yalipokuwa yakiiteka nchi yao. Sarafu zilikuwa zimegandamana kwa kutu, pamoja na vipande vya mapambo ya dhahabu. Kuzitenganisha moja moja kulichukua miaka. Nilipoiona picha ya donge lile nilifikiria watu waliolifukia. Kuna aliyeshika jembe, kuna aliyeshika taa, na kuna aliyeambiwa akumbuke mahali. Hawakurudi. Iwapo kuna aliyebaki ng'ambo akidaiwa mali ile na wenzake, akaapa kwamba ipo, ipo mahali fulani, hakuna aliyeandika habari zake.

Huko juu ya jabali mambo yanaishia kwa ugomvi. Panga zinachomolewa, ukingo wa jabali unakatika, na sufuria inamwaga kila kitu baharini. Chini yao, wakati ule ule, inapita merikebu ya maharamia. Hawa ni watu waliokwishazamishwa na Asterix na Obelix kitabu baada ya kitabu, na humu walikuwa wameacha uharamia na kufungua mkahawa wapate riziki ya halali, nao ukavunjwa. Wanainua macho. Sarafu zinawanyeshea. Uderzo amewachora midomo wazi, mikono imekingwa. Kijijini Asterix anapokelewa kwa karamu. Hana hata sesterti moja, na hakuna anayemuuliza.